Zizi Kavu na Mazoezi kwa Farasi Mwenye Laminaitisi

Mfupa wa mwisho wa mguu wa farasi haukalii wayo wa ukwato. Umening'inia ndani ya ukuta wa ukwato, ukishikwa na mikunjo myembamba iitwayo lamela. Kila ukwato una lamela kubwa 550 hadi 600, na kila lamela kubwa ina ndogo 150 hadi 200 zilizofumana na zile za upande wa pili. Laminaitisi ni kuharibika kwa mshikamano huo. Lamela zikivutika na kuchanika, mfupa huachana na ukuta. Ncha yake huinamia chini, au mfupa wote huzama, na wayo unaoukinga huwa mwembamba na wenye maumivu. Miguu ya mbele, inayobeba takriban asilimia 60 ya uzito wa mnyama, ndiyo huumia zaidi.

Kilichochanika hakiungi tena. Nafuu huja na ukuta mpya unaoota kutoka juu, pale manyoya yanapokomea, nao hukua milimita 6 hadi 10 tu kwa mwezi. Kufika chini kwenye ncha ya mbele huchukua miezi 9 hadi 12. Muda wote huo farasi anatembelea kwato zenye hitilafu, kwa hiyo ardhi anayoikanyaga kila siku ni sehemu ya matibabu yake.

Vyanzo vya ugonjwa ni zaidi ya kimoja. Farasi aliyeingia ghalani akala nafaka akavimbiwa, jike aliyebakiwa na kondo la nyuma baada ya kuzaa, na farasi anayeegemea mguu mmoja kwa kuwa mwenzake umevunjika, wote wanaweza kuupata. Barbaro, farasi aliyeshinda mbio za Kentucky Derby za 2006, alivunjika mguu wa nyuma wiki mbili baada ya ushindi huo. Mifupa iliungwa, lakini laminaitisi ndiyo iliyowalazimu wenyewe kumuua kwa huruma Januari 2007. Hata hivyo, visa vingi vinavyomfikia daktari wa mifugo hutokana na insulini. Mwaka 2007 watafiti nchini Australia waliwapa poni wenye afya insulini ya mfululizo kwenye mshipa huku sukari ya damu ikidhibitiwa isishuke, na katika muda wa saa 72 poni hao wakapata laminaitisi. Kwa farasi ambaye mwili wake humwaga insulini nyingi kila anapokula sukari na wanga, malisho mabichi ni hatari ya kila siku. Farasi wa namna hiyo mara nyingi huwa mnene, mwenye mafuta yaliyojaa juu ya shingo, au mzee mwenye maradhi ya tezi ya pituitari. Huyo ndiye wa zizi kavu.

Zizi kavu ni eneo lililozungushiwa uzio na lisilo na jani la kulika. Lina kazi mbili: kuzuia nyasi zisifike mdomoni, na kuupa ukwato mahali pa kukanyaga pasipouumiza. Wafugaji wengi huitimiza ya kwanza wakaisahau ya pili. Hung'oa nyasi, huacha udongo mtupu, kisha hushangaa kuona farasi amesimama pembeni kutwa nzima, hasogei hata kwenda majini.

Zizi, hata likiwa zuri, si mahali pa mgonjwa aliyezidiwa. Mwaka 1948 Msweden Nils Obel aligawa uchechemeaji wa laminaitisi katika daraja nne ambazo bado zinatumika. Katika daraja la kwanza farasi hubadilisha mguu wa kuegemea kila mara akiwa amesimama, na akienda matiti hatua zake huwa fupi na ngumu. La pili, hata mwendo wa kawaida ni wa kujivuta, ingawa bado anakubali kuinuliwa mguu. La tatu, hataki kutembea na hukataa kuinuliwa mguu. La nne, hasogei mpaka alazimishwe. Maadamu ugonjwa ungali mkali, farasi wa daraja lolote hukaa bandani, juu ya matandiko ya sentimita 20 au zaidi yanayofika hadi mlangoni. Saisi anayetandika katikati na kuacha sakafu tupu mlangoni amekosea, maana hapo ndipo farasi anaposimama zaidi. Kumtembeza ili “damu izunguke”, kama ilivyokuwa ikishauriwa zamani, ni kuzichana lamela zilizobaki. Anatolewa kwenda zizini baada ya daktari kuridhika, na baada ya farasi kutembea vizuri bila dawa ya maumivu. Fenilbutazoni huondoa uchungu lakini haiungi kitu, na farasi asiyesikia maumivu hujiumiza mwenyewe.

Mahali pa zizi huchaguliwa kwa kuangalia maji kwanza. Katika nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania udongo hubadilika ndani ya shamba moja: mwekundu mlimani, moramu kwenye mgongo wa ardhi, na udongo mweusi wa mbuga bondeni. Huo mweusi ni adui. Wakati wa masika hunata kwenye kwato na kumfanya farasi avute miguu yake kwa nguvu, jambo linalozitesa lamela kila hatua. Kiangazi hukauka ukapasuka, na nyayo za ng'ombe zilizopita juu yake zikiwa mbichi hubaki kama vikombe vigumu vyenye kingo kali. Wafugaji wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini hupata taabu hiyohiyo wakati wa baridi, matope yanapoganda usiku. Wayo mwembamba huchubuka kwa namna moja, iwe barafu au udongo uliochomwa na jua. Kama hakuna pengine ila udongo mweusi, sharti ufukuliwe. Palipo na udongo mwekundu au moramu, mteremko mdogo wa sentimita 10 hadi 20 kwa kila mita 10 unatosha kuondoa maji bila kuyafanya yabebe udongo wa juu, na mtaro upande wa juu hukinga yanayotoka mlimani.

Msingi unaodumu hutengenezwa kwa kuondoa udongo laini wa juu sentimita 15 au zaidi, kutandaza kitambaa cha jeotekstaili kinachopitisha maji lakini kinachozuia matope kupanda, kumwaga kokoto za kupasuliwa na kuzishindilia, kisha kuweka tabaka la juu la kukanyagwa. Kabla ya kuagiza lori, hesabu ifanyike. Zizi la mita 10 kwa 40 lina mita za mraba 400. Tabaka la juu la sentimita 10 peke yake ni mita za ujazo 40, yaani zaidi ya tani 60 za changarawe. Watu wachache wana fedha hizo, na hakuna haja ya kuzitumia zote. Lililo muhimu ni kutengeneza pale farasi anaposimama kwa saa nyingi: langoni, kwenye maji, mahali pa kulia na chini ya kivuli. Eneo la mita 6 kwa 8 linahitaji mita za ujazo zisizofika 5, kiasi ambacho lori la tani 7 linakaribia kukimaliza kwa safari moja. Sehemu nyingine ya zizi yaweza kubaki moramu iliyosawazishwa vizuri, ikiokotwa mawe.

Kwa tabaka la juu, changarawe ya mviringo iliyosuguliwa na maji ya mto, yenye ukubwa wa milimita 6 hadi 10, ndiyo bora kuliko zote. Punje zake huteleza moja juu ya nyingine, hivyo ukwato huzama kidogo na changarawe hujaa chini ya wayo na chura wa ukwato, ile sehemu ya pembetatu iliyo katikati ya wayo. Uzito unagawanyika badala ya kubebwa na ukuta ulioachana na mfupa. Ncha nayo huzama vya kutosha kumwezesha farasi kuinua mguu bila kuvuta sana lamela za mbele. Haishiki maji, haina vumbi, na samadi huonekana ikaokotwa. Kina cha sentimita 10 hadi 15 kinatosha. Muuzaji akileta kokoto za mashine kwa jina la changarawe, zikataliwe langoni: kokoto iliyopasuliwa ina pembe, na pembe moja chini ya wayo mwembamba hutosha kuleta jipu. Njia rahisi ya kuzitofautisha ni kuchota konzi moja na kuibana kwa nguvu. Zinazochoma kiganja zitachoma wayo.

Mchanga mnene wa mto ni wa pili, na mara nyingi ndio unaopatikana. Ni laini, hufuata umbo la wayo, na farasi hupenda kulala juu yake, jambo lenye manufaa kwa sababu kila saa anayolala ni saa ambayo kwato hazibebi kitu. Ila una kasoro mbili. Ukiwa na kina kirefu huchosha kano za nyuma ya mguu. Tabaka linalozamisha ukwato sentimita chache linatosha. Ya pili ni kubwa zaidi: farasi akila chini, humeza mchanga, nao hujikusanya kwenye utumbo mpana na kuleta msokoto wa tumbo. Juu ya mchanga chakula hakimwagwi chini kamwe. Mchanga wa pwani una balaa la nyongeza, kwani chumvi yake humfanya farasi aulambe, na juani huwa wa moto mno. Huko kivuli ni lazima.

Maranda ya mbao ni mazuri kwa miezi michache, hasa kwa farasi anayetoka bandani karibuni, lakini huoza, hushika mkojo, na baada ya misimu michache ya mvua hugeuka tope jeusi la kuteleza. Aina ya mti ijulikane. Huko Amerika ya Kaskazini maranda mabichi ya mti wa walnati mweusi yamewahi kuleta laminaitisi kwa farasi wazima ndani ya siku moja, kwa kusimama juu yake tu, hata yakiwa sehemu ndogo ya matandiko. Mti huo si wa viwanda vya mbao vya Afrika Mashariki, lakini mbao zilizopakwa dawa za kuzuia mchwa zipo kila mahali, na maranda yake hayafai.

Vumbi la mawe kutoka machimboni hushindiliwa likawa gumu karibu kama saruji. Linafaa kwa msingi na kwa njia ya kupitisha mkokoteni wa samadi, halifai kuwa sakafu pekee ya farasi mwenye wayo mwembamba. Jambo moja huwashangaza wengi: baadhi ya farasi hawa hutembea vizuri zaidi juu ya lami laini kuliko kwenye njia ya mawe, kwa sababu lami haichomi wayo. Kuvuka lami kwa mwendo wa kawaida si kosa. Kwenda matiti juu yake ni kosa.

Kwa uamuzi wa mwisho, kipimo ni farasi mwenyewe. Atembezwe kwa kamba iliyolegea kutoka ardhi laini hadi iliyo ngumu, mtazamaji akiwa amesimama pembeni. Mwenye maumivu hutupa mguu mbele na kutua kwa kisigino kwa namna iliyozidi, hatua hufupika, na kichwa huinuka anapokata kona. Akisita mahali ambapo sakafu inabadilika, sakafu hiyo haimfai bado, hata kama ndiyo ya gharama kubwa kuliko zote.

Umbo la zizi lina maana zaidi ya eneo lake. Refu na jembamba humtembeza farasi kuliko mraba wenye ukubwa uleule. Mwaka 2006 Mmarekani Jaime Jackson alieleza katika kitabu chake Paddock Paradise njia ya kuzungusha uzio wa ndani na wa nje ili farasi waishi kwenye ujia unaozunguka shamba, chakula kikiwa hapa na maji kule, na wazo hilo limeenea nchi nyingi. Ujia wa upana wa mita 3 hadi 5 huwatosha farasi wawili kupishana. Ni mpango mzuri kwa farasi anayepata nafuu. Kwa anayeumwa bado ni ukatili, kwa kuwa atashinda na kiu kuliko kutembea mita 80. Huyo hupewa maji na chakula karibu, na umbali huongezwa kadiri anavyotengemaa. Mwenzake naye achaguliwe kwa uangalifu. Farasi hapendi upweke, lakini mwenzi mkorofi anayemfukuza kutoka kwenye chakula humlazimisha kugeuka kwa ghafla, na kugeuka kwa ghafla ndiko kunakoumiza zaidi.

Uzio uangaliwe kwa shingo ya farasi. Mnyama mwenye njaa hupenyeza kichwa na kufikia nyasi zilizo mita nzima nje, kwa hiyo ukanda wa nje nao hupaliliwa au huwekewa waya wa umeme. Katika nyanda za juu mvamizi mkuu ni nyasi ya kikuyu. Asili yake ni hukuhuku Afrika Mashariki, jina lake linatokana na Wakikuyu, na imepelekwa hadi Australia, Afrika Kusini na Hawaii kwa sifa ileile inayolisumbua zizi kavu: hutambaa juu ya ardhi na chini yake, ikapita chini ya uzio na kuchipua upande wa pili mara mvua inyeshapo. Machipukizi hayo mafupi hayaonekani kuwa kitu, lakini farasi mwenye siku nzima ya kuyatafuta huyapata yote. Nyasi hii pia ina oksaleti, ambayo huzuia kalsiamu isitumike mwilini na hatimaye hudhoofisha mifupa ya farasi wanaoitegemea. Kwa sababu mbili basi, ing'olewe pamoja na mizizi.

Chakula cha zizini ni nyasi kavu, kwa kawaida uzito wa takriban asilimia 1.5 ya uzito wa farasi kwa siku. Farasi wa kilo 400 hupata kilo 6. Kupunguza chini ya hapo kufanywe na daktari, kwani njaa kali kwa poni na punda walionona huweza kumwaga mafuta kwenye damu na kuwaua. Nyasi ya Boma Rhodes inayolimwa sana Kenya huwa na sukari kidogo kuliko nyasi nyingi za nchi za baridi, lakini robota na robota hutofautiana, na kipimo cha maabara ndicho kinachosema kweli. Sukari na wanga kwa jumla zisizidi asilimia 10 hadi 12. Kuloweka nyasi majini kwa saa moja huondoa sehemu ya sukari. Maji yake yamwagwe nje ya zizi, na nyasi ziliwe mapema kabla joto halijazichachusha. Nyavu zenye matundu madogo, zikitundikwa mahali tofauti tofauti juu ya mkeka wa mpira, hurefusha mlo na kuzuia mchanga.

Mazoezi ndiyo sehemu inayogombanisha watu, kwa sababu kitu kilekile ni dawa na sumu. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu na kuupunguzia mwili haja ya insulini. Wakati huohuo kila hatua huvuta lamela. Kinachoamua ni hali ya kwato, wala si unene wa farasi. Mwongozo uliotolewa mwaka 2019 na Chuo cha Ulaya cha Tiba ya Ndani ya Farasi ulitenganisha makundi mawili. Farasi mwenye tatizo la insulini ambaye hajawahi kuugua kwato apewe mazoezi ya shoti ya taratibu hadi ya kasi, moyo ukipiga mara 150 hadi 170 kwa dakika, kwa zaidi ya dakika 30, zaidi ya mara tano kwa wiki. Aliyeugua akapona, na kwato zake zimetulia, afanye kazi nyepesi bila kupandwa juu ya ardhi laini, kutoka matiti ya kasi hadi shoti ya taratibu, moyo ukipiga mara 110 hadi 150, kwa zaidi ya dakika 30, zaidi ya mara tatu kwa wiki, huku akichunguzwa asichechemee. Aliye mgonjwa bado hana mazoezi.

Kufikia hapo ni safari ya miezi. Baada ya farasi kukaa wiki nne hivi bila dawa ya maumivu na bila dalili, na picha ya eksirei kuonyesha mfupa haujasogea tena, hutembezwa kwa mkono dakika 5 mara mbili kwa siku, kwa mstari ulionyooka juu ya ardhi laini na sawa. Kila wiki huongezwa dakika 5 ikiwa hali ni nzuri. Kona huwa pana. Kumzungusha kwa kamba ndefu kwenye duara dogo, mazoea ya karibu kila banda, kuachwe kabisa katika kipindi hiki, kwa sababu duara huusokota ukwato ndani ya ardhi na kuuelemeza upande mmoja. Matiti huja baada ya farasi kumudu dakika 30 za kutembea, kwanza kwa vipande vya dakika moja moja. Viatu vya mpira vya kuvalishwa, vyenye pedi ndani, husaidia sana hatua hizi na huvuliwa baadaye zizini ili ngozi isichubuke. Mpanda farasi ndiye wa mwisho kuongezwa, na uzito wake uhesabiwe.

Mapigo ya moyo hupimwa chini ya taya kwa vidole viwili, sekunde 15 mara nne, mara farasi anaposimama. Hushuka haraka, hivyo kuchelewa nusu dakika huleta hesabu ya uongo. Akiwa amepumzika huwa 28 hadi 44. Mapigo mengine ya kujifunza ni ya mshipa wa mguu, pande mbili za nyuma ya kifundo. Kwa farasi mzima hayashikiki kwa urahisi. Yakigonga vidole kwa nguvu, ukwato una tatizo. Saisi ayapime kila asubuhi saa ileile kabla ya kazi, pamoja na joto la kwato, na kuyaandika. Joto peke yake hudanganya, maana kwato hupata moto na kupoa zenyewe mchana kutwa. Joto linalodumu pamoja na mapigo yenye nguvu halidanganyi.

Mapigo yakiongezeka asubuhi baada ya mazoezi, hatua zikifupika, au farasi akianza tena kubadilisha mguu wa kuegemea, mazoezi husimamishwa siku hiyohiyo, farasi hurudishwa kwenye matandiko laini na daktari huitwa. Akitulia, huanza tena hatua moja nyuma ya pale alipoishia. Fundi wa kwato arudi kila wiki 4 hadi 6 akiwa na picha za eksirei mkononi, kwani ncha ndefu hufuta faida ya sakafu yoyote. Samadi iokotwe kila siku: farasi wa kilo 500 hutoa kilo 20 hivi, na ikichanganyika na mkojo huozesha chura wa ukwato. Changarawe nayo husukumwa pembeni na kwato, kwa hiyo hurudishwa kwa reki na kuongezwa pale mvua ilipoichukua. Kurudi malishoni, hata kwa saa moja na kifunga mdomo, huamuliwa kwa kipimo cha insulini ya damu, wala si kwa jinsi farasi anavyoonekana kuchangamka.